Husqvarna 372 XP: chensoo ya kazi, kipande kwa kipande

Kila kitu kwenye chensoo, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, hulika. Cheni hulika, baa (ulimi wa chuma unaobeba cheni) hulika, gia ya cheni, springi za klachi, kamba ya stata, ringi, mwishowe hata beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Mashine ya kazi huonekana kwa kile kinachobaki imara baada ya hivyo vyote kubadilishwa mara mbili tatu. Kwa kipimo hicho, Husqvarna 372 XP ni miongoni mwa chensoo bora kabisa kwa mtu anayekata miti kila siku. Kasoro inazo, lakini zinajulikana na zinazibika.

Tuanze na mwili wake. Injini ina ujazo wa 70.7 cc, pistoni ya kipenyo cha mm 50 na mwendo wa mm 36. Toleo la awali linatoa 3.9 kW, na bila baa wala cheni lina uzito wa kilo 6.1 hivi. Hubeba baa za inchi 15 hadi 28, ingawa mahali pake hasa ni inchi 18 na 20. Cheni yake ni ya kipimo cha inchi 3/8, na baa ya inchi 20 huchukua viungo 72 vya kuendeshea, yaani vile vinavyoingia kwenye mfereji wa baa. Tangi la mafuta (petroli iliyochanganywa na oili ya injini) ni lita 0.77, la oili ya cheni ni lita 0.4. Matangi hayo yamepimwa ili mafuta yaishe kabla ya oili. Ukiona oili inaisha kwanza, pampu imefunguliwa kupita kiasi. Ukijaza mafuta ukakuta oili bado ni nusu tangi, usiwashe mashine kabla ya kusafisha tundu la oili kwenye baa.

Kinachoibeba mashine hii ni nyumba ya krenki. Ni ya magnesiamu ya kumimina, vipande viwili vinavyokutana katikati kwa wima, na silinda inakaa juu yake kwa boliti nne. Maana yake ni kwamba unaweza kung'oa silinda, kukagua pistoni, kubadilisha ringi na kurudisha, huku krenki na beringi zake zikiwa zimetulia mahali pake. Beringi zikichoka, unatenganisha nyumba, unaweka mpya, unafunga kwa gasketi mpya. Krenki ni ya chuma cha kufua. Silinda ni ya aluminiamu, ndani imepakwa tabaka gumu lisilolika upesi, ndiyo maana hakuna kuchonga silinda kama ya pikipiki. Tabaka likikwanguka hadi aluminiamu ionekane, silinda hiyo imekwisha. Ila kama ni aluminiamu ya pistoni tu iliyoganda juu ya tabaka, fundi makini huiondoa kwa asidi ya chumvi na msasa laini, na silinda inarudi kazini.

Linganisha na chensoo ya nyumbani kama Stihl MS 250, 45.4 cc. Pale mwili ni wa plastiki, na krenki imebanwa kati ya silinda na kibakuli kidogo cha chini. Ni mashine nyepesi, nzuri kwa kuni, matawi na miti midogo, na kwa kazi hiyo haina lawama. Lakini ukitaka kugusa beringi au sili za krenki lazima uitoe injini nzima kwenye mwili, uisafishe gundi ya zamani na kuifunga upya kwa gundi mpya, na ikivuja kidogo tu pistoni inaungua. Mtu anayeinunua kwa ajili ya kupasua mbao siku sita kwa wiki anaipa mzigo ambao haikutengenezwa kuubeba, kisha anailaumu.

Upande wa pili yuko mzee anayejulikana kila palipo na wapasuaji: Stihl 070, 105.7 cc. Nguvu yake ya kuvuta kwa mizunguko ya chini bado haijapata mpinzani katika magogo makubwa, na uimara wake ni wa kweli. Hata hivyo ni mashine ya zama nyingine. Ni nzito mno, mtikisiko wake unafika mpaka mabegani, na haikuzaliwa na breki ya cheni. Kwa kupasua gogo lililolala chini, wengi wataendelea nayo. Kwa kuangusha mti, kukata matawi na kukata magogo kwa vipimo, 372 XP inamaliza kazi mapema na kumrudisha mtu nyumbani akiwa na vidole vinavyohisi.

Hapo ndipo uhandisi wa Waswidi, wenye Husqvarna, unapoonekana. Mishikio yote miwili na tangi la mafuta ni kipande kimoja, injini na baa ni kipande cha pili, na kati yao kuna springi za chuma zinazozuia mtikisiko usifike mikononi. Raba huwa ngumu kwa joto na mafuta, springi hubaki vilevile mpaka ivunjike. Ikivunjika utajua: shika mshikio wa nyuma, tikisa baa kwa mkono wa pili ukiwa umezima mashine. Ikicheza upande mmoja kuliko mwingine, springi ya upande huo imekatika. Ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu mzigo wake wote umehamia kwenye zilizobaki.

Breki ya cheni inafanya kazi kwa njia mbili. Mkono ukigonga ngao ya mbele, inafunga. Baa ikirushwa ghafla kumrudia mkataji, ngao inajirusha kwa uzito wake yenyewe na kufunga hata kama mkono haujaigusa. Ijaribu kila asubuhi kabla ya mti wa kwanza: injini ikinguruma kwa gesi yote, sukuma ngao mbele kwa kifundo cha mkono, cheni isimame papo hapo. Isiposimama, fungua kifuniko cha klachi na utoe unga wa mbao uliochanganyika na oili. Mara tisa kati ya kumi shida ni huo uchafu. Mara ya kumi utepe wa breki umelika, nao ukibaki na unene chini ya mm 0.6 mahali popote, ubadilishe.

Hewa ni jambo linalohitaji maelezo marefu kidogo. Feni ya flaiwili, gurudumu linalozunguka na krenki, hupuliza hewa ya kupoza injini, na njiani huitupa nje sehemu kubwa ya vumbi kwa nguvu ya mzunguko. Hewa iliyo safi zaidi ndiyo inayopelekwa kwenye chujio. Mfumo huu hupunguza kazi ya chujio kweli, lakini hauondoi wajibu wa kulisafisha. Kwenye misindano chujio huziba kwa unga wenye utomvu, na kulikung'uta tu hakutoshi. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Usilipulize kwa kompresa kwa karibu, wavu huchanika bila wewe kuona. Kisha pitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta. Ukikuta vumbi upande wa ndani, chujio halikai sawasawa au ukingo wake umepinda. Vumbi hilo ni msasa unaoingia moja kwa moja kwenye silinda.

Kabureta ya 372 XP ya awali husetiwa kwa mkono, skurubu tatu: L ya mwendo mdogo, H ya mwendo mkubwa, T ya kushikilia injini isizime. Hili ni jema na ni hatari. Jema, kwa kuwa hakuna kompyuta ya kusubiri. Hatari, kwa sababu skurubu ya H iliyokazwa robo mzunguko kupita kiasi huunguza pistoni bila onyo la maana. Anza na L na H zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja mmoja kutoka mwisho. Washa, injini ipate joto. Tafuta kwa L pale injini inapozunguka haraka zaidi bila gesi, kisha fungua tena robo mzunguko. Weka T ili cheni isimame kabisa mkono ukiwa nje ya gesi. Halafu bana gesi yote bila mzigo usikilize. Sauti inapaswa kukwaruza na kugugumia kidogo, kama injini imebanwa mafua. Ukiingiza cheni kwenye gogo, sauti hiyo inyooke iwe safi. Ikiwa safi tangu kabla ya kugusa gogo, mafuta ni machache: fungua H. Mwenye kipima mizunguko asivuke 13,500 kwa dakika.

Sasa hesabu ya mwinuko. Kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, Sao Hill ikiwemo, ardhi hufika hadi mita 2,000 hivi juu ya bahari, na msukumo wa hewa hushuka hadi karibu asilimia 80 ya ule wa pwani. Mashine iliyosetiwa Dar es Salaam ikipandishwa huko itakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, itatoa moshi na kukosa nguvu, basi fundi atakaza H kidogo na kazi itaendelea. Ubaya uko kwenye safari ya kurudi. Mashine hiyohiyo ikishushwa Kilwa kwenye mpingo au Rufiji, hewa inakuwa nzito, mafuta yanabaki yale machache, na oili ya kulainisha imo ndani ya mafuta hayo. Pistoni huganda ndani ya tangi la kwanza au la pili. Anayehama nyanda za juu kwenda pwani afungue H kabla ya kukata mti wowote.

Kuhusu mchanganyiko, kiwanda kinaelekeza 1:50 kwa oili yake ya tustroki, yaani ml 100 kwa petroli lita 5. Kwa oili nyingine nzuri ya injini zinazopozwa kwa hewa ni 1:33, yaani ml 150 kwa lita hizohizo 5. Pwani kuna kosa linalorudiwa sana: kuweka oili ya injini za boti kwa kuwa ipo kila duka la wavuvi. Oili ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, haihimili joto la silinda inayopozwa kwa upepo. Inaacha masizi kwenye ringi, ringi zinashikamana na mifereji yake, mgandamizo unashuka. Wengine hudhani kuzidisha oili ni kuilinda mashine. Oili nyingi huchukua nafasi ya petroli katika ile tone inayopita kwenye kabureta, hivyo mchanganyiko na hewa unazidi kuwa mkavu, na masizi yanaziba ekzosi.

Kabla ya kununua iliyotumika, fanya jambo moja ambalo muuzaji mwaminifu hatalikataa. Fungua ekzosi, ni boliti chache tu, kisha vuta kamba ya stata taratibu na umulike tundu la silinda kwa tochi. Pistoni nzima ina rangi ya kijivu iliyotulia na bado inaonyesha mistari myembamba ya mashine iliyoichonga. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi ni dalili ya kukosa oili au mafuta machache. Mikwaruzo upande wa kabureta, nayo utaiona ukiitoa kabureta, ni vumbi lililopita kwenye chujio. Ringi inapaswa kurudi nyuma kama springi ukiibonyeza kwa kijiti cha mbao kupitia tundu lile. Isiporudi, imekwama. Hapo utakuwa umejifunza zaidi ya yote atakayokueleza muuzaji.

Udhaifu wa 372 XP uko sehemu chache na ni vizuri kuzitaja wazi. Ya kwanza ni mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ukipasuka au kamba yake ya chuma ikilegea, hewa ya ziada inaingia, injini inapanda mizunguko yenyewe na haitulii. Usijaribu kulitibu hilo kwa skurubu za kabureta. Ya pili ni boliti za ekzosi: zikilegea, zinakula nyuzi za silinda, na kuzitengeneza ni ghali. Zikaze kila wiki injini ikiwa baridi. Ya tatu ni ile valvu ya kubonyeza ya kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Inarahisisha sana kuvuta kamba, lakini masizi huifanya ivuje, na mafundi wengi huiondoa na kuziba tundu kwa boliti yake maalumu. Ni suluhisho halali kwa mwenye mkono wenye nguvu. Ya nne ni nati mbili za baa. Magnesiamu ni laini kuliko chuma, na anayezikaza kwa kupanda juu ya spana atazing'oa boliti zake kutoka kwenye nyumba ya krenki. Nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya mashine inatosha.

Kufungua klachi ni sehemu ambayo wengi huharibu mashine nzima, kwa hiyo taratibu. Toa plagi. Sukuma kipande cha kamba safi ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, kiasi cha nusu mita, huku mwisho wake ukibaki nje. Zungusha injini mpaka pistoni ibane kamba na isimame. Klachi ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, inafungwa kinyume cha saa. Anayeigeuza kwa mazoea ya boliti za kawaida anaikaza zaidi, na akiongeza nyundo, krenki inapinda. Bisibisi ndani ya tundu la plagi kwa kuzuia pistoni ni njia ya kutoboa pistoni. Tumia kamba. Ukiwa hapo kagua gia ya cheni. Ikiwa meno yana alama zenye kina cha nusu milimita, weka mpya. Kanuni nzuri ni gia moja kwa cheni mbili, maana gia iliyolika hunyoosha cheni mpya ndani ya siku chache.

Duka la vipuri lina mtego wake. Baa nyingi za Husqvarna za ukubwa huu zina mfereji wa mm 1.5, za Stihl ni mm 1.6, na mikia yake haifanani. Cheni ya mm 1.5 ikiwekwa kwenye mfereji wa mm 1.6 itaingia bila kelele, itakaa imelegea, na mkato utaanza kupinda. Namba ya mfereji imepigwa kwenye mkia wa baa. Isome kabla ya kulipa.

Kunoa kunafuata cheni yenyewe. Tupa ya duara ya mm 5.5 kwa cheni nyingi za 3/8 za Husqvarna, mm 5.2 kwa za Stihl, pembe ya nyuzi 25 au 30 kama ilivyoelekezwa kwenye boksi. Kile kisiki kifupi kilicho mbele ya jino kipunguzwe mpaka kiwe chini ya jino kwa mm 0.65. Ukikishusha zaidi kwa tamaa ya mwendo, cheni inakwama na baa inamrudia mtu usoni. Kwa kupasua mbao kufuata nyuzi za mti, pembe ya nyuzi 10 inatoa ubao laini zaidi. Chensoo inayotoa unga badala ya vipande vya mbao ni butu, na mkataji anayeilazimisha kwa kuiegemea anaichosha injini.

Kuna toleo jipya zaidi, 372 XP X-Torq. Ndani yake hewa tupu huingia silindani mbele ya mchanganyiko, kwa hiyo kinachopotea kupitia ekzosi wakati wa kusafisha silinda ni hewa hiyo, si petroli. Kiwanda kinadai matumizi ya mafuta hupungua kwa kiasi kinachofika asilimia 20. Kwa anayenunua petroli kwa madumu na kuipeleka msituni kwa pikipiki, hiyo ni akiba ya kweli. Gharama yake ni uzito kidogo zaidi na njia za hewa zenye kona nyingi, zinazochukia uchafu. Baada yake ikaja 572 XP, 70.6 cc na 4.3 kW, yenye kabureta inayojiseti yenyewe. Kwa anayehama kati ya mlima na pwani ni nafuu kubwa, mradi karibu naye pawe na wakala mwenye kifaa cha kuisoma. Pasipo wakala, ile ya skurubu tatu ndiyo inayotengenezeka chini ya mwembe.

Umaarufu wa mashine hii umezaa nakala nyingi, nzima na za vipuri. Silinda ya nakala huonekana sawa mpaka uitazame kwenye kingo za matundu ya ndani. Kwenye ya asili kingo zimelainishwa, kwenye nakala mbaya ni kali kama kucha iliyovunjika. Ringi hujikwaa hapo, hukatika na kuchana silinda nzima. Kwa springi ya stata, mpira wa kabureta au chujio, nakala nzuri inaweza kupita. Kwa silinda, pistoni, beringi na utepe wa breki, nunua asili, hata kama itabidi usubiri mwezi.

Mwenye 372 XP anayefanya kazi mbali na mji abebe kwenye mfuko plagi mbili za NGK BPMR7A zenye mwanya wa mm 0.5, kamba ya stata na springi yake, chujio la hewa na la mafuta, mpira wa kabureta, springi moja ya kuzuia mtikisiko, gia ya cheni, cheni mbili zilizonolewa, na nati mbili za baa. Nati hizo ndizo zinazopotea kwenye majani wakati giza linaingia.